Chuo cha Tudor, mahali mafundi wa pwani walikonolewa

UKITEREMKA kwenye matatu ya Tudor mjini Mombasa saa moja na nusu asubuhi, mpenzi msomaji, hutahitaji kumwuliza mtu njia ya kwenda chuoni. Fuata vijana. Utawaona wakivuka barabara ya Tom Mboya kwa makundi, mmoja na vitabu kwapani, mwingine na koti la karakana begani, na wa tatu akimalizia hamri ya mwisho kabla ya kengele. Kando ya njia mama amepanga mahamri na mbaazi, na mzee anakata mabuyu na kachiri vifuko vidogo vidogo. Wateja wao wengi ni wanafunzi.

Lakini ukitaka kuuliza hata hivyo, uliza kwa hekima. Jina utakalolitaja litategemea umri wa unayemwuliza. Kijana atakwambia hapo ni TUM, yaani Technical University of Mombasa. Mtu wa makamo, hasa kama aliwahi kufanya kazi bandarini au katika reli, atakwambia ni Poli. Naye mzee aliyekula chumvi nyingi, mwenye kofia ya kiua na bakora yake, atakutazama kidogo kisha aseme: "Ala! Unataka Miome?"

Wote watatu watakuwa wamekuonyesha lango lile lile. Chuo hiki kimebadilisha jina mara nne tangu kilipoanzishwa, na kila jina lilikuja na zama zake, matumaini yake na manung'uniko yake. Leo twende pamoja tukakizuru, kwa sababu habari yake ni habari ya pwani yetu, na pia ni habari ya kila mzazi nchini ambaye amewahi kukaa na mwanawe baada ya matokeo ya Kidato cha Nne na kujiuliza: sasa huyu aende wapi?

Mji wa bandari usio na mafundi wake

Rudi nyuma nami hadi miaka ya arobaini. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vimekwisha mwaka 1945. Bandari ya Kilindini ina kazi nyingi kuliko wakati wowote uliotangulia. Reli iliyoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896 inabeba mizigo hadi Uganda. Huku upande wa pili wa kisiwa, katika Bandari ya Kale, majahazi bado yanaingia na upepo wa kaskazi kutoka Uarabuni na Ghuba, yakisubiri kusi ili yarudi kwao.

Usisahau, msomaji, kwamba wakati huo ukanda wa maili kumi wa pwani ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ingawa Waingereza ndio waliouendesha. Bendera ya Sultani ilipepea juu ya Ngome ya Yesu hadi mwaka 1963. Kwa hiyo mambo ya pwani yalikuwa na wakubwa wawili, gavana aliyekaa Nairobi na Sultani aliyekaa Unguja.

Katikati ya shughuli zote hizo palikuwa na kasoro moja kubwa. Watoto wa Kiislamu wa pwani walikuwa wameachwa nyuma katika elimu ya kisasa. Shule nyingi nchini zilikuwa za wamisheni, na wazazi wengi wa Kiislamu walichelea kuwapeleka watoto wao huko wasije wakabadilishwa dini. Mtoto alisoma chuoni kwa mwalimu wake, akahitimu Kurani, akajua kusoma na kuandika kwa hati za Kiarabu, lakini alipokwenda kutafuta kazi ya mitambo bandarini alikuta mlango umefungwa. Hakuwa na cheti. Mji ulijaa meli, lakini wenyewe hawakuwa na mafundi wa meli wenye karatasi mkononi.

Si kwamba ufundi haukuwapo. Pwani ilikuwa na manahodha waliosoma nyota kama unavyosoma gazeti hili, na maseremala waliounda majahazi bila kuchora mstari hata mmoja kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba dunia mpya ya injini, umeme na ramani za bahari haikuwa ikiutambua ujuzi wa kurithi kutoka kwa baba.

Mchango wa wakubwa na wa wenyeji

Ndipo likaja wazo la chuo cha ufundi kwa ajili ya Waislamu wa Afrika Mashariki nzima. Gavana wa Kenya wakati huo alikuwa Sir Philip Mitchell, ambaye alitawala kutoka mwaka 1944 hadi 1952, na ni yeye aliyelivalia njuga jambo hili upande wa serikali.

Waliotoa mali yao walikuwa mchanganyiko ambao ni nadra kuuona. Alikuwapo Sultani wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Haroub, aliyetawala tangu mwaka 1911 hadi alipofariki mwaka 1960. Alikuwapo Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Waismailia, ambaye mwaka 1945 alikuwa tayari ameasisi chama cha maslahi ya Waislamu wa Afrika Mashariki hapa hapa Mombasa. Walikuwapo Mabohora, jamaa wa biashara ambao maduka yao ya vyuma na vifaa vya ujenzi yanajulikana pwani nzima. Ilikuwapo pia serikali ya Uingereza kupitia wizara yake ya makoloni.

Lakini msomaji, pesa bila kiwanja haijengi nyumba. Ardhi ya Tudor ambayo vijana wanaikanyaga leo ilitolewa na mwenyeji, Sheikh Khamis bin Mohamed bin Juma Mutwafi. Ukipita langoni ukawaza juu ya masultani na magavana, mkumbuke na huyo aliyetoa ardhi yake.

Chuo kikaasisiwa rasmi mwaka 1948 kwa jina la Mombasa Institute of Muslim Education. Herufi za kwanza za jina hilo la Kiingereza zikasomwa na wenyeji kama neno moja, ndiyo ile Miome ya wazee. Wanafunzi wa kwanza walipokelewa mwaka 1951. Ili upate kipimo cha jambo hilo, kumbuka kwamba chuo cha ufundi cha kifalme cha Nairobi, ambacho baadaye kiligeuka kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, kilianza kufunza mwaka 1956, na Kenya Polytechnic ya Nairobi ikafunguliwa mwaka 1961. Mombasa ilitangulia.

Matao, kuba na randa

Ukiingia ndani, nenda kwanza kwenye majengo ya zamani. Usiyakimbilie maghorofa mapya, hayo utayaona popote. Majengo ya mwanzo yalijengwa kwa mtindo wa Kiislamu, yenye matao na baraza pana za kupitishia upepo, na msikiti ndani ya uwanja wa chuo. Waliojenga walijua jua la Mombasa. Simama chini ya tao moja saa saba mchana, wakati lami ya barabarani inayeyuka, utaelewa kwa nini mababu hawakuhitaji mashine ya baridi.

Masomo ya mwanzo yalifuata mahitaji ya mji. Yalifundishwa mambo ya ubaharia na uongozaji wa vyombo baharini, mitambo ya meli, umeme na useremala. Hebu fikiria kijana wa Lamu au wa Pemba ambaye babu yake aliendesha jahazi kwa kutazama kilimia, sasa yuko darasani akipimiwa pembe kwa vifaa vya shaba, na jioni anakwenda kuswali katika msikiti ulio hatua chache kutoka karakana. Mzazi wake hakuwa na la kuhofia. Hapo ndipo werevu wa wazo hili ulipokuwa: kilipatikana chuo ambacho mtoto angesoma injini bila kuulizwa aache dini yake.

Wanafunzi walitoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Kwa hiyo kabla hatujaanza kuimba wimbo wa umoja wa Afrika Mashariki, bweni la Tudor lilikuwa limekwisha kuuonja. Na lugha ya bwenini, bila shaka, ilikuwa Kiswahili.

Karani aliyegeuka profesa

Kila chuo kina mwanafunzi wake wa kujivunia. Ajabu ni kwamba mtu mashuhuri kupita wote aliyepitia Miome hakuwa mwanafunzi. Alikuwa karani.

Kijana huyo alizaliwa Mombasa mwaka 1933. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na alifariki mwaka 1947 kijana akiwa bado mdogo. Katika mtihani wa Cambridge wa shule ya sekondari kijana alipata daraja la tatu. Makerere, ambayo ndiyo ilikuwa njia ya pekee ya elimu ya juu katika Afrika Mashariki, ikamkataa. Kwa wengi habari ingeishia hapo. Angetafuta kazi ya ukarani, akaoa, akazeeka.

Kazi ya ukarani aliipata kweli, Miome, na baadaye akasimamia bweni la wanafunzi. Kisha siku ya Maulidi akasimama kutoa hotuba mbele ya wageni, na mmoja wa wageni hao alikuwa Gavana Mitchell. Gavana alivutiwa na ufasaha wa kijana huyo. Mazungumzo yaliyofuata yakamfungulia nafasi ya masomo Uingereza, na mwaka 1955 akasafiri hadi mji wa Huddersfield.

Kama hujamtambua, msomaji, huyo ni Ali Mazrui. Kutoka Huddersfield alikwenda Chuo Kikuu cha Manchester, kisha Columbia huko Marekani, kisha Oxford. Makerere ile ile iliyomkataa ikamwajiri na kumfanya profesa. Mwaka 1986 dunia ilimwona katika filamu zake za televisheni kuhusu Afrika na urithi wake wa aina tatu. Alipofariki Marekani mwezi wa Oktoba mwaka 2014, mwili wake uliletwa Mombasa na kuzikwa katika makaburi ya Wamazrui, mkabala na Ngome ya Yesu.

Jambo jingine katika habari hii wengi hawalioni. Mwaka 2003 Profesa Mazrui aliteuliwa kuwa Chansela wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kule Juja. Miaka minne baadaye chuo cha Tudor kikawekwa chini ya chuo kikuu hicho. Hivyo aliyekuwa karani wa Miome akawa Chansela wa chuo kikuu kilichokilea Miome. Mungu si Athumani.

Watu hupenda kuisimulia habari hii kama dawa ya kuwatuliza waliofeli mtihani. Mimi naona ina funzo zaidi ya hilo. Daraja la tatu halikumzuia Mazrui kwa sababu palikuwapo mahali pa kusimama baada ya kuanguka, mahali penye vitabu, wanafunzi na wageni wa kumsikiliza. Kama kusingekuwa na Miome, gavana angemsikilizia wapi?

Jina la pili na la tatu

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, swali likawa moja nchini kote: nani atashika mitambo? Wageni walikuwa wakiondoka katika reli, bandari, posta na viwanda. Hapa Mombasa peke yake palikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta Changamwe, kiwanda cha saruji Bamburi, na hoteli za ufuoni zilizokuwa zikiongezeka. Nchi ilihitaji mafundi wa kila dini na kila kabila, tena upesi.

Mwaka 1966 chuo kikapewa jina la Mombasa Technical Institute na kuwa cha Wakenya wote. Mwaka 1972 kikapandishwa tena kuwa Mombasa Polytechnic, ya pili nchini baada ya ile ya Nairobi. Hiyo ndiyo Poli ambayo watu wa makamo wanaikumbuka kwa mapenzi.

Poli ilikuwa na utaratibu mmoja ambao ukiutazama sasa utaona ulikuwa wa busara. Wanafunzi wengi waliletwa na waajiri wao. Kampuni humpeleka kijana chuoni kwa miezi kadhaa, akarudi kazini kutumia alichojifunza, kisha akarudishwa tena chuoni. Kijana aliyefunzwa namna hiyo hakuwa mgeni wa mashine. Alipozungumziwa habari ya mashine ya kukereza chuma, aliijua kwa mlio wake. Naye mwalimu hakuweza kufundisha mambo ya zamani, kwani wanafunzi wangemwambia kiwandani mambo yamebadilika.

Kutoka Taita, Tana River, Kwale, Kilifi na hata bara, vijana wakamiminika Tudor. Nyumba za kukodisha zikaongezeka mtaani. Ndivyo chuo kinavyoujenga mji bila kelele: mwenye nyumba anapata kodi, mama lishe anapata wateja, fundi cherehani anashona makoti ya karakana, na watoto wa mtaa wanakua wakiona kwamba kusoma ufundi ni jambo la kawaida.

Bara nako walichanga

Usidhani kwamba ni pwani peke yake iliyokuwa na njaa ya ufundi. Mwanzoni mwa miaka ya sabini wimbi la harambee liliikumba nchi, na kila jimbo likataka chuo chake cha teknolojia. Wakulima wa kahawa wa Nyeri walikatwa sehemu ya mapato yao kujenga Kimathi Institute. Watu wa Murang'a, Kirinyaga, Kaimosi, Kakamega na Voi nao wakachanga.

Ukilinganisha, utaona tofauti na kufanana. Tudor ilianza kwa hazina za masultani na matajiri, na zile za bara zikaanza kwa kikapu cha mwananchi. Lakini nia ilikuwa moja, mtoto wa jirani asiyepata nafasi chuo kikuu asiachwe barabarani. Na mwisho wake pia umefanana. Kimathi sasa ni chuo kikuu. Murang'a na Kirinyaga ni vyuo vikuu. Kile cha Kakamega ndicho Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Karibu kila chuo kilichojengwa ili kumfunza fundi kimevaa joho.

Manung'uniko ya wazee

Sasa keti kidogo na yule mzee wa kofia ya kiua, umwagizie kahawa chungu na halua, umsikilize. Atakwambia kwamba Miome ilijengwa kwa mali ya Waislamu kwa ajili ya watoto wa Waislamu, na kwamba serikali ilipoichukua haikuwauliza vizuri. Atakwambia ardhi ile ilitolewa kwa nia maalumu. Atakuuliza ni watoto wangapi wa Mji wa Kale, Majengo na Kisauni wanaoingia lango lile leo ukilinganisha na wanaotoka mbali.

Ukitoka hapo ukamwendea mtu mwingine aliyesoma Poli miaka ya sabini, pengine Mkristo kutoka Taita, atakwambia kwamba kama chuo kisingefunguliwa kwa wote yeye asingekuwa fundi wa umeme, na watoto wake wasingesoma. Atakwambia pia kwamba aliishi chumba kimoja na Waislamu, wakafundishana, na urafiki huo haujafa hadi leo.

Wote wawili wana haki ya kusikilizwa. Mali iliyotolewa kwa nia njema isisahauliwe nia yake, na chuo cha umma nacho hakiwezi kumfungia mlango mtoto wa umma. Pengine njia ya katikati ni kuhakikisha mtoto wa Mombasa, awe wa dini gani, anatayarishwa vyema tangu shule ya msingi ili aingie kwa miguu yake mwenyewe katika chuo kilicho mlangoni pao. Maana kuishi kando ya kisima ukafa kwa kiu ni msiba.

Joho na koti la karakana

Agosti mwaka 2007 Poli ikawa chuo kikuu kishirikishi chini ya Jomo Kenyatta, na Januari mwaka 2013 Rais Mwai Kibaki akaipa hati ya kujitegemea. Ndipo likazaliwa jina la sasa, Technical University of Mombasa. Chuo kina pia matawi Kwale na Lamu.

Sherehe zilikuwa kubwa, na haikuwa makosa kufurahi. Miaka mingi pwani ililalamika haina chuo kikuu chake cha umma. Sasa inacho hiki, na kingine cha Pwani kule Kilifi ambacho nacho kilipata hati mwaka huo huo wa 2013. Kijana wa Likoni anaweza kusomea uhandisi hadi digrii akilala kwao.

Lakini nchini kukazuka swali ambalo halijaisha. Tukigeuza kila chuo cha ufundi kuwa chuo kikuu, fundi atatoka wapi? Mhandisi mmoja huhitaji mafundi kadhaa wa kutekeleza anachokichora. Nchi yenye wachoraji wengi na wajenzi wachache itakaa na ramani nzuri na nyumba mbovu.

Swali hili si letu peke yetu. Waingereza walilipitia kabla yetu. Chuo kile cha Huddersfield alichokwenda Mazrui kilikuwa chuo cha teknolojia, kikawa politekniki mwaka 1970, na mwaka 1992, wakati politekniki za Uingereza zilipopandishwa kwa mkupuo, kikawa chuo kikuu. Huko nako hadi leo wanajadiliana kama walipata au walipoteza.

Kenya ilijaribu kuziba pengo. Sheria mpya ya elimu ya ufundi ilipitishwa mwaka 2013, vyuo vya Kisumu, Eldoret, Kabete, Nyeri, Meru, Kisii, Kitale na Sigalagala vikapewa hadhi ya politekniki za taifa, na vyuo vidogo vya ufundi vikajengwa katika maeneo mengi ya ubunge. Nacho chuo cha Tudor hakikufuta masomo ya chini. Mpaka leo kinafunza stashahada na vyeti pamoja na digrii. Kwa hiyo katika baraza ile ile utamwona anayesomea shahada na anayesomea cheti wakinunua maji kwa mwuzaji mmoja. Ukiwatazama huwezi kujua nani ni nani, na hivyo ndivyo inavyopasa kuwa.

Neno kwa mzazi

Msomaji, kama una mtoto aliyemaliza Kidato cha Nne, makala haya ni yako. Anayepata C+ na zaidi ana nafasi ya kuomba digrii. Hao husherehekewa, mbuzi huchinjwa. Anayepata C au C- huja nyumbani ameinamisha kichwa, na mara nyingi sisi wazazi ndio tunaomwongezea uzito. Tunamwambia "umetuangusha," tunamlinganisha na mtoto wa jirani, kisha tunamwacha akae kibarazani mwaka mzima akisubiri tuone la kufanya.

Kumbe C- humfungulia mlango wa stashahada, na aliye chini ya hapo ana mlango wa cheti. Anayeanza na cheti anaweza kupanda hadi stashahada, na kutoka stashahada hadi digrii, ikiwa ana bidii na karo inapatikana. Njia ni ndefu zaidi lakini inafika. Tena njiani anakuwa tayari na kazi ya mikono. Fundi wa umeme, wa majokofu au wa mitambo ya boti hakosi mkate katika mji wa pwani.

Ukitaka kumtia moyo, usimpe hotuba. Mpeleke Tudor. Kutoka bara unaweza kuja kwa basi au kwa gari moshi la Madaraka Express lililoanza safari mwaka 2017, ambalo litakushusha Miritini, kisha uchukue gari la kuingia kisiwani. Kutoka katikati ya mji ni mwendo mfupi kwa matatu au tuktuk. Chukua kitambulisho, jieleze vizuri langoni, uombe kuelekezwa ofisi ya kuandikisha wanafunzi. Vaa mavazi ya heshima, maana uko pwani. Uliza karo, uliza kama karakana zina vifaa, uliza wanafunzi hupelekwa wapi kwa mazoezi ya kazi. Chuo kizuri hakikasiriki kwa maswali ya mzazi.

Mkimaliza, mtoto apite chini ya yale matao ya zamani. Mweleze kwamba hapa walisoma vijana waliokuja kwa jahazi, na hapa alikaa karani mmoja aliyekataliwa na chuo kikuu. Kisha mnywe madafu barabarani, halafu mtembee polepole kuelekea upande wa mkondo wa Tudor, ambako upepo wa bahari utawapooza na mazungumzo yataanza yenyewe.

Chuo kina wito wake wa tangu zamani, maneno mawili ya Kiarabu: Jiddu Tajidu. Maana yake ni jitahidi utapata. Majina yamebadilika, wenye chuo wamebadilika na masomo pia yamebadilika, lakini wito huo haukuguswa. Wahenga wetu walisema jambo hilo hilo kwa njia yao, kwamba atafutaye hachoki, akichoka keshapata. Basi mwandikishe mtoto mapema, msomaji, kabla nafasi hazijajaa.